PANGA NYUMBA YAKO UNGALI MUZIMA

Masomo ya leo: Hesabu 27:1-11, 2 Wafalme 20:1-11, Marko 7:9-13, Yoane 19:25-27

 

Leo nitasema juu ya jambo moja ambalo katika makanisa yetu tunalisema siku ya kilio tu, wakati mwenye nyumba amekwisha kulazwa chini na wandugu wameanza kuhesabu viti. Ni jambo la kupanga mali yako ungali muzima, ni kusema kuandika testama. Najua kuko mutu ambaye amekwisha kunyoosha mukono abadilishe radio. Baba, ngoja kidogo. Mama, umuzuie.

Nitaanza na mambo ya nyumba yetu, kwa sababu si vizuri nianze na ya wengine.

Baba yangu alitumika Gécamines miaka mingi. Mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya elfu kumi walitoka kazini katika ule mupango wa serikali wa kuondoka kwa hiari, yeye pia alitoka. Ile feza ya mwisho hakuila. Alijenga katika lupango yake ya Katuba nyumba ya vyumba vine, matofali ya kuchoma, mabati mapya. Mama yangu alikuwa amekwisha kufa. Baba alioa mama mudogo, mwanamuke wa maombi. Mahari ilitolewa, wazee wa pande mbili walikula na kunywa, muchungaji aliweka mikono. Kwenye komine tu ndiko hawakufika. Kila mwaka baba alisema, “Tutaenda kisha mvua.” Walizaa watoto wawili. Kisha siku moja tansio ilipanda asubuhi, na kabla ya saa sita baba alikuwa amekufa.

Siku ya ine kisha kuzika, kikao kilifanyika chini ya muembe. Baba yangu alikuwa Mubemba, na munajua desturi: kwetu mali inafuata tumbo la mama, mwenye kurizi ni mupwa, si mutoto. Wapwa walifika watatu, na bahasha na kamba ya kupima. Sisi watoto wa mama wa kwanza tulikuwa watu wazima. Tuliona kwamba tukishindana tutakosa vyote, tukapatana nao: wao vyumba viwili, sisi viwili. Mama mudogo na watoto wake wawili wadogo hawakupewa kitu. Mutu mumoja aliuliza, “Karatasi ya ndoa iko wapi?” Karatasi haikukuwa. Aliondoka na matelá na sufuria mbili. Mashini ya kushona, ambayo alinunua kwa feza ya likelemba yake mwenyewe, ilibaki ndani, kwa sababu walisema ilikuwa ndani ya nyumba ya marehemu.

Na mimi? Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi ya kikao, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa muzuri. Nilikuwa tayari nahubiri. Siku ya Mungu iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa na kuomba kwa ajili ya wajane na mayatima. Watu walisema amina.

Ndugu zangu, kwa nini baba yangu hakuandika hata mustari moja? Hakuwa mujinga. Alikuwa anaandika hesabu ya kila mufuko wa simenti. Hakuandika kwa sababu aliogopa, na woga ule bado unaishi kati yetu, tena katika makanisa ya maombi zaidi kuliko mahali pengine. Tunafundishwa kwamba ulimi una nguvu, kwamba mutu asitamke mauti juu yake. Ni kweli, neno lina nguvu. Lakini kutoka hapo tumefika mahali ambapo bibi akimuuliza bwana wake, “Ukilala, watoto watakaa wapi?”, bwana anajibu, “Unataka nife? Ni nani amekutuma?” Na mwanamuke ananyamaza, maana akiendelea wataanza kumuita mulozi.

Musome 2 Wafalme 20. Mufalme Hezekia alikuwa mugonjwa. Ni nani alimuambia atengeneze mambo ya nyumba yake? Ni nabii Isaya, tena kwa amri ya Bwana. Si shetani, si bukwe, si bibi mwenye tamaa. Kisha Hezekia aliomba, akalia, na Mungu akamuongezea miaka kumi na tano. Manase, mwana wake, alianza kutawala akiwa na miaka kumi na miwili. Fanya hesabu: mutoto yule alizaliwa kisha ile habari ya kutengeneza nyumba. Basi ile amri ya kupanga mambo haikumufungia Hezekia mulango wa uzima. Alipona, akazaa. Hakuna mutu aliyekufa kwa sababu ya biki.

Na Abrahamu, baba wa imani? Mwanzo 25 inatuonyesha kwamba alimupa Isaka mali yake, na wale wana wengine, wa masuria, aliwapa zawadi yeye mwenyewe, angali muzima, na kuwaweka mbali na Isaka. Alijua watoto wake. Alijua kilio chake kingekuwa namna gani.

Sasa tuende katika Hesabu 27, maana pale ndipo Mungu mwenyewe alisema juu ya urizi. Zelofehadi alikufa jangwani bila mutoto mwanaume. Aliacha wasichana watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Kwa desturi, jina la baba yao lingezimika na sehemu yake ingeenda kwa wengine. Wale wasichana hawakukaa nyuma ya nyumba na kulia. Walienda kusimama mulangoni mwa hema, mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya wakubwa wote. Na Musa, ingawa alikuwa mukubwa, hakujibu kwa kichwa chake. Alipeleka neno lao kwa Bwana. Jibu lilikuwa kwamba wasichana wale wanasema haki, wapewe. Na ile ikawa sheria kwa taifa lote. Nawaambia wale wanaosema “desturi ni desturi”: siku ile desturi ilisimama mbele ya Mungu, na Mungu aliwapa wasichana haki.

Na sheria ya inchi yetu, je, inasema nini? Wengi wetu hatuijui, na wale wanaokuja na kamba ya kupima wanafurahi kwamba hatuijui. Sheria ya Familia ni ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, na mwaka 2016 iliongezwa na kugeuzwa mahali pengine. Inaweka warizi kwa mafungu. Fungu la kwanza ni watoto wa marehemu. Wote. Mwanaume na mwanamuke sawasawa, mukubwa na mudogo sawasawa, wa ndani ya ndoa, na wa inje kama baba aliwatambua kwa sheria angali muzima, na wale aliowachukua kwa sheria kama watoto wake. Fungu la pili lina vikundi vitatu: bibi ao bwana aliyebaki, baba na mama ya marehemu, kaka na dada zake. Wajomba na mashangazi wanakuja nyuma, katika fungu la tatu.

Watoto wanapata sehemu tatu kwa ine za urizi. Ile robo inayobaki ni ya fungu la pili. Na kama vikundi vyote vitatu viko, kila kimoja kinapata sehemu moja kwa kumi na mbili. Hakuna mahali sheria inasema kwamba mupwa anakuja mbele ya mutoto. Mubemba, Mulamba, Muluba, Mukasai, sheria ni moja. Ilikuwa tayari sheria siku ile tulikaa chini ya muembe. Wale watoto wawili wadogo walikuwa warizi kama mimi. Tuliwaibia, na mimi nilipiga saini.

Wamama, musikilize hapa vizuri. Watu wengi wanafikiri kwamba mujane anapata ile sehemu moja kwa kumi na mbili tu. Hapana. Kabla ya kugawanya urizi, kwanza munatosha kitu kilicho cha mujane mwenyewe. Kama wakati wa ndoa kwenye komine hamukuchagua mupango mwingine wa mali, sheria inawaweka katika mupango ambamo kile mulichopata pamoja ndani ya ndoa ni chenu wawili. Nitoe mufano. Bwana na bibi wamenunua nyumba kisha kuoana, inaweza kuuzwa dola 24,000. Bwana anakufa, anaacha watoto wane, wazazi wake wangali wazima, na wandugu wake wako. Dola 12,000 ni za bibi tayari. Si urizi, ni mali yake. Urizi ni zile 12,000 zingine. Watoto wanapata 9,000, ni kusema 2,250 kila mumoja. Zile 3,000 zinazobaki: bibi 1,000, wazazi 1,000, wandugu wote pamoja 1,000. Na zaidi ya hayo, bibi ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba ambamo walikuwa wanaishi na kutumia vyombo vyake. Akiolewa tena, haki ile ya kukaa inaisha.

Lakini hii yote ni ya mwanamuke mwenye ndoa inayojulikana na serikali. Yule ambaye ndoa yake iliishia kwa mahari na kwa mikono ya muchungaji, bila kuandikishwa kwenye eta sivili, siku ya kilio ataulizwa lile swali waliloulizwa mama mudogo. Wala nguo nyeupe wala picha za harusi hazitamujibia. Ndiyo maana nasema hivi, na wazee wa kanisa wanisamehe: mwanaume wa kanisa anayeimba kwaya, anatoa fungu la kumi, na miaka kumi na tano hajafika kwenye komine na bibi yake, bado hajamaliza kumuoa. Ndoa ya kimila inaweza kuandikishwa. Mukienda pamoja, na mashahidi, wanaandika. Ni asubuhi moja.

Kuko jambo lingine, na hapa najua viti vingine vitakuwa vya moto. Watoto wa inje. Sheria yetu inasema wazi kwamba kila mutoto wa Congo anapaswa kuwa na baba, na hakuna mutu mwenye haki ya kumukana mutoto wake. Yule mwanamuke wa inje, sheria haimupe urizi wako, maana inchi inajua ndoa ya bibi mumoja. Lakini mutoto hakuchagua mulango aliopitia. Kama baba alimutambua kwenye eta sivili, anarizi sawa na wengine. Kama hukumutambua, utamuachia vita: atafika siku ya kilio akiwa na sura yako, na bibi yako atakuwa na wajane wawili wa kuangalia, yeye mwenyewe na uongo wako. Tubu kwa Mungu, mwambie bibi yako, kisha nenda kwenye komine. Nimewaona ndugu wawili wamefanya hivyo. Nyumba zilitikisika, moja ilitikisika miezi mingi. Zote mbili zimesimama.

Sasa testama yenyewe. Sheria inajua namna tatu.

Ya kwanza ni ile unayofanya mbele ya notere ao mbele ya mukubwa wa eta sivili. Ni yenye nguvu zaidi, na kwa yule asiyejua kuandika ndiyo njia yake: unaenda, unasema, wanaandika, unaweka alama yako. Ya pili ni ile unayoandika mwenyewe, yote kwa mukono wako, na tarehe, na saini. Yote, ndugu. Mutoto wako mwenye mwandiko muzuri asikusaidie hata mustari moja. Mwandiko muzuri ulitufanyia ubaya wa kutosha katika nyumba yetu. Ukienda kuipigisha kwenye mashini, basi juu ya kila karatasi lazima uandike kwa mukono wako kwamba maneno yale ni yako na ndiyo mapenzi yako ya mwisho, na uweke saini. Wengi wanapiga mashini, wanaweka saini chini ya karatasi ya mwisho tu, na wanaenda na amani. Testama ile inaweza kuanguka.

Ya tatu ni ya mudomo, kwa mutu ambaye anasikia mauti inakaribia, mbele ya mashahidi wawili ao zaidi walio watu wazima. Lakini ile ni ndogo: unaweza kusema mambo ya maziko, ya ulezi wa watoto wadogo, na zawadi ndogondogo. Nyumba hutaigawanya kwa mudomo kitandani. Ninapofikiri ile namna ya tatu ninamuona Bwana wetu juu ya musalaba. Mali hakuwa nayo. Hata kanzu yake ilipigiwa kura na waaskari. Lakini mama alikuwa naye, naye alikuwa mujane, kama wengi wanavyoamini. Katika maumivu yale, mbele ya mashahidi, alimukabizi kwa mwanafunzi aliyemupenda, na yule alimupeleka kwake. Wokovu wa dunia nzima ulikuwa juu yake saa ile, na alipata nafasi ya kuuliza mama atalala wapi. Baba wa nyumba, wewe unasema huna nafasi.

Unaweza kuandika nini? Si kila kitu. Ile sehemu tatu kwa ine ya watoto, huwezi kuitoa na kuwapa wengine. Mungu aliisha kusema mambo ya namna ile katika Kumbukumbu 21: mwanaume mwenye bibi wawili hawezi kumunyima muzaliwa wa kwanza haki yake kwa sababu tu hampendi mama yake. Basi usiandike testama kwa hasira. Lakini unaweza kupanga: huyu achukue lupango, yule achukue gari na pikipiki, ili wasiuze nyumba kwa sababu ya kugawanya feza. Unaweza kusema ile robo iende wapi. Unaweza kuchagua mutu wa kusimamia ugawanyaji. Usipochagua, sheria inamutazama mutoto mukubwa, na ninyi munajua watoto wenu wakubwa. Chagua mutu asiyekuwa na njaa. Unaweza kuandika unataka nani alee watoto wadogo. Na testama unaweza kuigeuza kila wakati ungali muzima. Mambo yakibadilika, andika mupya na tarehe mupya.

Pamoja na testama, acha orodha. Wandugu wanapigania kile wanachoona, na kile wasichoona kinapotea. Lupango yako ina karatasi gani? Udongo wa inchi hii ni wa serikali tangu sheria ya mwaka 1973, sisi tunapewa haki juu yake, na haki ile inaonekana katika sertifika inayotoka kwa konservatere. Karatasi ya kuuziana ya kwa chefu wa kartye ni mwanzo tu, haijafika. Ukifa na karatasi ile ya mwanzo tu, umewaachia watoto safari nusu. Andika feza iko wapi, katika telefone, katika benki, katika likelemba, na zamu yako ni mwezi gani. Andika haki za kazi yako, maana bwana aliyetumika na kulipiwa kwenye kase ya serikali, mujane wake anaweza kuwa na haki ya kuomba, kama karatasi ziko. Na andika madeni! Ile habari ya 2 Wafalme 4, mujane wa mwana wa manabii, tunaihubiri sana kwa sababu ya mafuta. Lakini musome mwanzo wake: mutumishi wa Mungu alikufa akaacha deni, na mwenye kudai alikuja kuchukua watoto wawili. Yule nabii alikuwa anamwogopa Bwana, Biblia inamushuhudia hivyo. Deni lilibaki.

Watoto wetu walio Marekani na Canada wanatupigia telefone, wanasema, “Baba, huku watu wanafanya trast, munaweka mali mikononi mwa mutu ao mwa benki, anaichunga kwa ajili ya watoto. Mufanye vilevile.” Mupango ule ni wa sheria za Waingereza, sheria yetu ilitoka kwa Wabeleji, na hauko ndani ya Sheria ya Familia. Yule mutu wa kuchunga, kwetu ni msimamizi unayemuandika katika testama, na mulezi wa watoto, na tribinali ya kuwaangalia. Musimulipe mutu anayewauzia karatasi ya trast mujini.

Neno moja kwa sisi wachungaji. Kuko watumishi wanaoingia kwa wagonjwa na kusema, “Mama, Bwana ananionyesha lupango hii ni ya kanisa.” Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliosema mali ni zawadi kwa Mungu ili wasisaidie baba na mama yao. Kama mutu wa kanisa hili anataka kuacha kitu kwa kazi ya Bwana, iwe ndani ya ile robo, kisha bibi yake kuwa na pa kulala, na mimi nisiwe chumbani wakati anaandika. Na mukishindana kisha kilio, musiniite nigawanye. Katika Luka 12 mutu mumoja alimuomba Yesu amuamuru ndugu yake agawe urizi, na Yesu alikataa kazi ile. Mimi si mukubwa kumupita.

Nimalize ile habari ya nyumba yetu. Mupwa mumoja aliuza vyumba vyake kwa mufanyabiashara. Mupwa wa pili alisema hakukubali. Faili iko tribinali mpaka leo. Upande wetu mabati yametoboka, na hakuna anayetaka kutengeneza nyumba ambayo pengine itakuwa ya mwingine. Nyumba ya feza ya mwisho ya baba yangu, mbuzi wa jirani ndio wanalala ndani.

Mwaka uliopita nilienda kumutafuta mama mudogo. Anakaa Ruashi, anauzisha makala. Mutoto wake wa kwanza, ndugu yangu, aliacha masomo mwaka ule wa kilio na hakurudi tena. Nilienda na maneno mengi niliyoyatayarisha. Alinipa kiti, akanipa maji, akaniuliza habari ya watoto wangu mumoja mumoja kwa majina. Kisha akaniuliza kama ile mashini ingali inashona.

Sikukuwa na jibu. Mashini iliuzwa zamani, na sehemu yangu ya feza ile niliikula. Nimemununulia ingine, aliipokea, alisema asante. Hajasema kwamba amenisamehe, na mimi sijamulazimisha aseme. Nimekwenda pia tribinali kutangaza kwamba ndugu zangu wawili wadogo ni warizi pamoja nasi. Kaka yangu hasemi na mimi tangu siku ile.

Na testama yangu nimeiandika, karatasi mbili, kwa mukono. Nimeandika kwamba ile robo yote iende kwa bibi yangu. Wandugu zangu nimewaambia kwa mudomo, mbele yake, wasije kusema hawakusikia. Nimeandika kwamba frigo na mashini ya kusaga ni vyake, alivinunua yeye. Nimeandika deni la dola 180 ninalodaiwa, na jina la mwenye kudai. Karatasi moja iko kwa notere. Nimekwisha kula na kulala siku nyingi tangu pale, na tansio yangu iko sawa.

Siku ya Posho ijayo, kuanzia saa tatu asubuhi, dada mumoja wa kanisa anayetumika kwenye eta sivili atakuwa katika saloni ya kanisa. Hatalipisha kitu. Bwana na bibi wasioandikisha ndoa waje pamoja, na karata zao za uchaguzi, na mutu mumoja wa kila upande aliyeona mahari. Wenye watoto wasioandikwa waje na karatasi za kuzaliwa ao za hospitali. Na wenye kutaka kuandika testama walete bulangeti ya moyo na biki ya bluu, karatasi tutawapa.

Bwana awabariki, na awape usiku mwema.